Umeishusha Programu, Mbona Haimo Kwenye Menyu?

Umeishusha Blender kutoka tovuti yake, ukakifungua kifurushi cha tar.xz, ukaibofya, ikafunguka. Kesho yake unaitafuta kwenye menyu: haimo. Wengi wakifika hapo husema Linux ni ya mafundi, wakaachana nayo. Kumbe kinachokosekana ni faili moja la maandishi matupu, mistari michache tu.

Katika GNOME, KDE na Xfce, kila programu unayoiona kwenye menyu ina faili lake ambalo jina lake huishia na .desktop. Mazingira yote matatu hufuata kanuni moja, inayotunzwa na mradi wa freedesktop.org. Mafaili ya kompyuta nzima hukaa /usr/share/applications, na huwezi kuyagusa bila nenosiri la msimamizi. Ya kwako hukaa ndani ya folda yako ya nyumbani, katika .local/share/applications, na hapo humwombi mtu ruhusa. Hiyo nukta ya mwanzo ndiyo inayoificha folda; ukiwa kwenye kidirisha cha mafaili cha GNOME bonyeza Ctrl na H, itajitokeza.

Tuirudie Blender. Ihamishie mahali pa kudumu, tuseme /home/asha/programu/blender. Ukiiacha palepale iliposhukia, siku ya kufagia vilivyopakuliwa utaifuta nayo. Ndani yake mna blender.desktop iliyokwisha kuandikwa, lakini ukiinakili kama ilivyo kwenye .local/share/applications, GNOME haitaonyesha kitu wala haitakwambia kosa liko wapi. Kosa ni mstari wa Exec=blender %f: kompyuta inaambiwa imwite blender, haielezwi anakaa wapi. Mpe anwani kamili, na picha yake pia:

Exec=/home/asha/programu/blender/blender %f
Icon=/home/asha/programu/blender/blender.svg

Usifupishe kwa alama ya ~. Kwenye terminali inaeleweka. Humu haieleweki, na mimi jambo hilo liliwahi kunilia jioni nzima.

Uzuri wenyewe uko hapa: faili lako likiwa na jina sawasawa na la mfumo, linalosomwa ni lako. Umechoshwa na programu usizozitumia? Nakili faili la mojawapo, ongeza mstari wa NoDisplay=true, na menyu itapumua. Programu yenyewe haijaondoka. Waweza hata kuandika Name[sw]=Kikokotoo, na kompyuta iliyowekwa katika Kiswahili itaonyesha jina hilo. Mfumo ukisasishwa, nakala yako haiguswi.

Ila Blender uliyoiweka kwa njia hii, apt, kisakinishi cha Debian na Ubuntu, haiijui. Toleo jipya likitoka, utalishusha mwenyewe. Kwa programu ya kuchora hilo si neno. Kwa kivinjari, kinachohitaji viraka vya usalama kila mara, mimi sithubutu. Kama kivinjari chako kimo katika hazina ya Debian au Ubuntu, kichukue huko.