Nyumba ya Hukumu ya Nairobi

Katika Kitshanga, watu wawili wakigombania mpaka wa shamba, wanakwenda mbele ya wazee. Mmoja anasema maneno yake, mwenzake anangoja zamu yake. Nchi nzima nayo ina magomvi yake makubwa. Tusome habari za nyumba moja ambamo magomvi ya namna hiyo huamuliwa.

Nyumba hiyo iko Nairobi, mji mkuu wa Kenya, mbali upande wa mashariki, ng'ambo ya Uganda. Ilijengwa kwa mawe katika miaka ya 1930, wakati Waingereza walipoitawala Kenya. Aliyeichora ni Mwingereza Herbert Baker. Mbele yake zinasimama nguzo nene na ndefu, ili kila apitaye aone ukubwa wa sheria.

Lakini nguzo peke yake hazileti haki. Siku zile Mzungu akishtakiwa kosa kubwa, walioamua kama ana hatia walikuwa Wazungu wenzake. Mwafrika hakupewa ruhusa hiyo. Yeye aliamuliwa na mwamuzi Mwingereza. Wazee Waafrika walikaa karibu kutoa shauri, lakini mwamuzi aliweza kulikataa. Basi nyumba ilikuwa moja, vipimo viwili.

Mwaka wa 1963 Kenya ilipata uhuru. Nyumba haikubomolewa. Leo ndimo inamokaa Mahakama ya Juu, iliyowekwa na Katiba ya mwaka wa 2010.

Mwezi wa Agosti 2017 watu wa Kenya walipiga kura. Ilitangazwa kwamba Rais Uhuru Kenyatta ameshinda. Mpinzani wake, Raila Odinga, hakushika silaha; alipeleka mashtaka yake katika nyumba hii. Waamuzi walisikiliza pande zote mbili. Tarehe 1 Septemba, waamuzi wanne walikubaliana, wawili walikataa. Mkubwa wao, David Maraga, akatangaza: uchaguzi haukufuata sheria, urudiwe. Rais hakupendezwa, lakini alisema ataiheshimu hukumu. Uchaguzi ulirudiwa tarehe 26 Oktoba.

Mawe ni yale yale ya zamani, ila sasa hata rais anapimwa kwa sheria ya wote. Nawe mtoto, wenzako wakikuita kuamua ugomvi wao, wasikilize wote wawili, hata kama mmoja ni ndugu yako. Mbele ya Mungu hakuna mkubwa wala mdogo.

Maulizo
1. Nyumba hii ilijengwa wakati gani?
2. Zamani Mwafrika na Mzungu waliamuliwa namna gani?
3. Kwa nini ni vema kusikiliza pande zote mbili?