Gesi Isiishe Katikati ya Ugali

Ukipita Amalemba au Lurambi saa moja jioni, mvua ya Kakamega ikiwa imeshanyesha, nyumba nyingi za kupanga utazikuta hivi: chumba kimoja, kitanda nyuma ya pazia, mtungi wa gesi wa kilo 6 karibu na mlango. Pembeni kuna jiko la makaa. Hilo halijastaafu, linangoja tu gesi iishe.

Si kwamba watu hawajui ubaya wa moshi. Ni pesa. Makaa unanunua kwa mkebe, ya leo tu. Ukiwa upande wa Shinyalu, karibu na msitu, kuni huenda hata usizinunue. Gesi nayo inataka pesa zote kwa mara moja. Serikali ilirudisha VAT ya asilimia 16 kwa gesi Julai 2021, ikashusha hadi 8 mwaka uliofuata, kisha ikaiondoa Julai 2023. Ilisaidia, lakini bado huwezi kujaza mtungi kwa shilingi hamsini.

Kurudi kwa makaa kuna gharama yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa nyumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo ni vya watoto wa chini ya miaka mitano. Jiko la makaa lina hatari nyingine ambayo hata haina moshi: kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi. Usiku wa baridi mtu anaingiza jiko ndani apate joto, anafunga dirisha, analala. Wengine hawaamki. Tafadhali, hata makaa yakionekana yamekuwa majivu, jiko lilale nje.

Gesi ni safi zaidi, lakini haimaanishi ufunge kila kitu. Moto wake hutoa naitrojeni daioksaidi, ambayo husumbua mapafu, hasa ya mtoto mwenye pumu. Fungua dirisha ukipika, hata kama ni chai tu. Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa manjano na sufuria inashika masizi, gesi haichomeki vizuri, safisha kichwa cha meko. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti wala kugusa swichi ya stima. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inakaa chini sakafuni, kwa hivyo funga mtungi, fungua mlango, toka na watoto. Kukagua mahali inapovuja tumia povu la sabuni.

Sasa turudi kwa pesa, maana hapo ndipo sisi tunaweza kusaidia. Tuseme kujaza mtungi ni shilingi 1,200 na unakudumu siku 30. Hiyo ni shilingi 40 kwa siku. Siku unayojaza mtungi, anza kuweka hizo 40 kwenye akiba ya simu iliyofungwa, usiyoweza kuigusa ukiona viatu vizuri sokoni. Gesi ikiisha, pesa iko. Githeri na maharagwe ndiyo humaliza mtungi haraka. Loweka usiku, yataiva kwa muda mfupi zaidi. Ukiamua kuyapikia kwa kuni, pikia nje. Hatutakugombeza.

Ukienda kununua, angalia uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa kwenye chuma chake, ongeza 6, kisha mwambie muuzaji aupime mbele yako. Kagua na sili. Mtungi uliojazwa kwa njia ya panya unaweza kuwa wa bei rahisi, lakini Embakasi, Februari 2024, tuliona kiwanda haramu cha gesi kikilipuka na kuua watu.

Na kuna hawa wa mtandaoni: picha ya mtungi mpya, bei nusu, "tuma deposit boda yuko njiani." Usitume. Lipa mtungi ukiwa mlangoni, kwa till ya duka na si namba ya mtu binafsi, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Jina likiwa tofauti na la duka, kataa malipo hapo hapo. Ujumbe wa malipo usiufute hadi mtungi uishe. Ukigundua ulipunjwa kilo, ndio utakaomwonyesha muuzaji.