Farasi Ndani ya Lasanya

Tarehe 15 Januari 2013, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ireland ilitangaza kwamba kati ya baga 27 za ng'ombe zilizopimwa, 10 zilikutwa na vinasaba vya farasi na 23 vya nguruwe. Nyingi zilikuwa na chembe tu, za kiasi kinachoweza kubaki kwenye mashine isiyosafishwa vizuri. Ila katika baga moja ya maduka ya Tesco, farasi alifikia asilimia 29 ya nyama, na kiasi hicho hakitokani na uchafu wa mashine. Mwezi uliofuata zikapimwa lasanya 18 za kampuni ya Findus: 11 zilikuwa na farasi kuanzia asilimia 60 hadi 100.

Nyama ya lasanya hizo ilichinjwa Romania na kuandikwa wazi kuwa ni ya farasi. Dalali Mholanzi, kupitia kampuni iliyosajiliwa Kupro, aliiuza kwa kiwanda cha Spanghero kusini mwa Ufaransa. Ilipofika kiwanda cha lasanya huko Luxembourg ilishageuka ng'ombe, kwenye karatasi tu. Farasi alikuwa bei rahisi. Faida ilikuwa hapo. Mwaka 2019 mahakama ya Paris ilimtia hatiani dalali huyo pamoja na aliyekuwa mkurugenzi wa Spanghero.

Udanganyifu wa aina hii hugunduliwa maabara. Kipande husagwa, vinasaba vikatolewa na kunakiliwa mara nyingi hadi vionekane, hata kama nyama imeshapikwa. Lakini kipimo cha kawaida humjibu mpimaji kuhusu mnyama aliyemuuliza tu. Asiyeuliza habari za farasi hatamwona.

Kelele zilizofuata hazikutokana na hatari ya kiafya. Dawa ya farasi iitwayo fenilibutazoni ilitiliwa shaka, lakini mganga mkuu wa Uingereza alieleza kuwa mtu angelazimika kula baga zaidi ya 500 za farasi mtupu kwa siku moja ndipo akaribie dozi ya kawaida ya mgonjwa. Kilichowachafua watu moyo ni kinyaa, na kinyaa kina historia yake. Mnamo mwaka 732 Papa Gregory III alimwandikia mmisionari Bonifasi akitaka ulaji wa farasi ukomeshwe. Ufaransa, hata hivyo, iliruhusu mabucha ya farasi mwaka 1866. Mwingereza bado humpa farasi jina na kumpeleka mashindanoni. Kwa Waislamu na Wayahudi, jambo zito lilikuwa zile baga 23 zenye nguruwe, ingawa magazeti mengi yalimkimbilia farasi.

Nchini Kenya, shaka ya kuuziwa nyama ya mnyama mwingine humwangukia punda. Machinjio yake yalipewa leseni kuanzia mwaka 2016, zaidi kwa ajili ya ngozi zinazohitajika China; serikali ikayapiga marufuku Februari 2020, na Mahakama Kuu ikatengua marufuku hiyo mwaka 2021. Mguu unaoning'inia buchani huwa na mhuri wa mkaguzi. Nyama ikishasagwa, mhuri hauonekani tena, ndiyo maana uvumi huandama zaidi sambusa na soseji. Mwenye wasiwasi anunue kipande chenye mhuri, kisagwe mbele ya macho yake.