Kupiga Picha Amu: Jua, Maji na Idhini

Visiwa vya Lamu, jina ambalo wenyeji hulitamka Amu, ni miongoni mwa sehemu chache za pwani ya Afrika Mashariki ambako majengo ya kale, wanyama wa porini na mandhari ya wazi hupatikana katika safari moja. Amu yenyewe, Manda, Pate na Kiwayu vimepangana kando ya bara, vikitenganishwa nalo na mikondo iliyozungukwa na mikoko. Ng'ambo ya mikondo hiyo ziko nyika na mbuga zinazofika delta ya mto Tana upande wa kusini magharibi, na mpaka wa Somalia upande wa kaskazini. Kazi ya mpiga picha huku huamuliwa na mambo matatu kuliko bei ya kamera yake: jua liko wapi, maji yamejaa au yamekupwa, na mwenye mahali ameridhia au hakuridhia.

Njia ya bara

Anayetoka Malindi kwa gari huiacha njia ya Garissa huko Minjila, karibu na Garsen, akashika barabara ya Witu hadi Mokowe, gati linalotazamana na kisiwa cha Amu. Kipande hicho cha kilomita 135 hivi, kilichokuwa maarufu kwa matope, sasa kina lami. Sehemu yake ya mwanzo hukatiza delta ya Tana, iliyoingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Nchi ni tambarare: nyasi, vidimbwi, mikoche iliyosimama mmojammoja, na makundi ya ng'ombe wa Waorma.

Nchi tambarare ina ugumu wake katika picha, kwa sababu jicho halipati pa kutua. Ikipigwa hovyo, nusu ya picha huwa mbingu na nusu nyasi, pasiwe na kitu kati yake. Dawa ya kwanza ni kutafuta kitu kimoja kilichosimama, kama vile mkoche, mchungaji au kichuguu, na kukiweka pembeni mwa fremu, si katikati. Ya pili ni kuushusha upeo wa macho hadi theluthi ya chini ya picha ili mawingu yapate nafasi. Mawingu hayo hufuata majira. Kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, huja na anga kavu na vumbi la malisho. Kusi hutawala kuanzia Aprili hadi Septemba, na masika yanayoandamana nayo hujaza vidimbwi vinavyoakisi mbingu. Mvua hiyohiyo ina madhara yake pia: mwishoni mwa 2023 mafuriko ya Tana yalikata barabara hii katika eneo la Gamba.

Kaunti ya Lamu imepata mashambulizi ya kigaidi, makubwa zaidi yakiwa ya Mpeketoni mnamo Juni 2014. Kwa sababu hiyo magari husafiri mchana, mara nyingi kwa msafara wenye askari, na abiria hawezi kusimamisha gari apendapo. Picha nyingi basi hupigwa dirishani. Kamera hupangwa ifyatue kwa kasi, sehemu ya elfu moja ya sekunde au zaidi, na mkono hauegemezwi kwenye mlango, kwani mtetemo wa gari huingia moja kwa moja kwenye picha. Vizuizi vya polisi, kambi na askari havipigwi picha kabisa. Ndivyo ilivyo pia kwa bandari mpya ya Kililana, iliyofungua gati lake la kwanza Mei 2021: asiye na kibali huiacha.

Wanyama na ndege

Mbugani, asubuhi na mapema, huonekana ngiri, kuro, twiga na nyati, na viboko hukaa katika Ziwa Kenyatta karibu na Mpeketoni. Hifadhi za Boni na Dodori, zilizotangazwa zote mwaka 1976, zina msitu na mbuga zenye utajiri mkubwa zaidi; Dodori inajulikana hasa kwa nyamera. Hata hivyo, msitu wa Boni umekuwa uwanja wa operesheni ya usalama tangu 2015, na mgeni wa kawaida hana njia ya kuingia huko na kamera.

Kwa hiyo anayetaka wanyama bila ya hatari huelekea majini. Kaunti hii ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na maji yanapokupwa kingo za matope hujaa kaa, kulastara, yangeyange na ndege wahamiaji wanaokimbia baridi ya kaskazini mwa dunia. Boti ya injini huwafukuza kabla hawajafikiwa. Nahodha anayezijua hori huzima injini mbali, kisha husukuma chombo kwa pondo, upepo ukiwa usoni, mpaka lenzi ndefu ipate kuwafikia. Kaskazini zaidi iko hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyoanzishwa mwaka 1979, yenye visiwa vidogo vya mwamba wa matumbawe. Buabua hutaga huko wakati wa kusi, na kasa hupanda fukwe zake usiku. Kasa anayetaga haangazwi kwa flashi wala tochi nyeupe, kwani huweza kurudi baharini bila ya kutaga.

Ndani ya mji mnyama ni punda. Vichochoro havipitiki kwa gari, hivyo mawe, saruji na mitungi ya gesi hubebwa mgongoni mwake. Tangu 1987 kuna zahanati ya punda ufuoni. Picha nzuri ya punda hupigwa kwa kuchutama, kamera ikiwa kimo cha macho yake, kando ya njia anamopita na mzigo.

Mji wa mawe

Mji wa kale wa Lamu uliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na boriti ndiyo inayoamua umbo la chumba. Mti wa mkoko hauwezi kubeba dari pana, kwa hiyo chumba cha nyumba ya kale hakizidi sana mita 3 kwa upana, hata kikiwa kirefu. Mpiga picha wa ndani huhitaji lenzi pana, na husimama ncha moja ya chumba akikitazama kwa urefu wake.

Uso wa mji unaelekea mashariki. Nyumba za ufuoni hupata jua kamili kuanzia macheo hadi saa tatu asubuhi, na picha yake bora hupigwa kutoka mashuani, katikati ya mkondo. Alasiri nyumba hizo huwa kivulini na mbingu nyuma yake kali. Hapo ni bora kuingia ndani ya mji. Mtaa wa Mkomani, upande wa kaskazini, ndio wenye nyumba nyingi za mawe, na njia ya Usita wa Mui huupitia mji sambamba na ufuo. Vichochoro vinavyoshuka kutoka kilimani ni vyembamba, vingine vikifunikwa na wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Jua hufika chini karibu na adhuhuri tu, na wakati huo kamera haiwezi kuonyesha jua na kivuli kwa pamoja. Saa ya kufanya kazi ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, au kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, jua linapogonga sehemu ya juu ya ukuta mmoja na chokaa kuurudisha mwanga, ukiwa laini, kwenye ukuta wa pili.

Mlango wa kuchonga unaonyesha vizuri faida ya kuchagua saa. Una mbao mbili, mfaa katikati, miimo pembeni, na ubao wa juu wenye michongo mingi kuliko sehemu nyingine. Michongo hiyo haina kina kirefu. Mwanga ukitoka mbele huonekana bapa, na flashi huiharibu zaidi kwa kufuta vivuli vyote. Mwanga ukija kutoka ubavuni, hata ule hafifu wa kichochoroni, kila alama ya patasi huonekana. Kamera huwekwa kimo cha katikati ya mlango, ikiwa sawasawa bila ya kuinamishwa. Ikiinuliwa kidogo tu, miimo hukaribiana juu na mlango huonekana umepinda.

Ndani ya nyumba, kutoka kiwanda, yaani ua wa nyumba, mtu hupita msana (ukumbi mrefu) mmoja, kisha wa pili, ndipo afike ndani, na kila hatua mwanga hupungua. Huko mwisho ndiko kwenye ukuta wa zidaka, safu za vishubaka vya lipu iliyochongwa. Kamera huwekwa kwenye stendi ya miguu mitatu, ikaachwa wazi sekunde mbili au tatu, taa ya umeme ikiwa imezimwa ili mwanga wa mchana pekee uchore kingo za lipu. Jumba la makumbusho la nyumba ya Kiswahili, mjini, ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi hii bila ya kuingia faragha ya watu. Ngome ya Lamu nayo, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821 na kutumiwa kama gereza hadi 1984, ina roshani inayotoa mandhari ya mapaa ya mji.

Magofu na mawimbi

Magofu ya Takwa yako Manda, mwisho wa hori iliyozungukwa na mikoko. Mji huo ulikaliwa takriban kuanzia 1500 hadi 1700. Msikiti wake una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, na nje ya ukuta wa mji, upande wa hori, liko kaburi la nguzo lenye tarehe inayolingana na 1681 au 1682. Watu wa Shela, kijiji cha kisiwani Amu, hulizuru kuomba mvua.

Hori ya Takwa haipitiki ila maji yakijaa, na hapo ratiba ya maji hukutana na ratiba ya jua. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Chombo huingia hadi mwisho wa hori wakati jua limelala, na nguzo hupata mwanga wa ubavuni unaoonyesha kila jiwe. Siku za maji mafu maji hujaa kabla ya adhuhuri, na picha za magofu hutoka bapa. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, hivyo anayejua siku ya mwezi anaweza kupanga safari bila ya kuuliza. Kuchelewa kutoka ni kulala kwenye matope mpaka maji yarudi. Kwa anayekwenda Pate kanuni ni hiyohiyo: mkondo wa Mkanda na hori ya Siyu, yenye ngome ya karne ya 19 kandoni mwake, hutaka maji mengi, na magofu ya mji wa Pate, yaliyomo kati ya mashamba ya tumbaku, hufikiwa kutoka Mtangawanda.

Kusini mwa Shela, ufuo wa kilomita 12 hivi umeinuka kuwa vilima vya mchanga. Amu iko digrii 2 tu kusini mwa ikweta, jua huzama wima, na mwanga laini hudumu chini ya nusu saa. Mpiga picha hufika mapema, huchagua mgongo wa kilima usio na nyayo na husubiri. Vilima hivyo ndivyo vinavyohifadhi maji matamu yanayonywewa mjini, na ni wajibu kuvitunza. Mchanga na chumvi ni adui wa kamera: lenzi haibadilishwi ufuoni, na jioni vifaa hupanguswa kwa kitambaa chenye maji matamu kidogo, kisha kikavu.

Idhini

Nyumba ya Amu ilijengwa ili isionekane ndani. Mtu hupokewa kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, na anayealikwa ndani amepewa heshima. Mpiga picha hukomea dakani, hubisha hodi, na hutaja shida yake kabla ya kutoa kamera. Wanawake hawapigwi picha bila ya ridhaa yao, wala waumini msikitini. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayohitaji ridhaa kabla ya sura ya mtu kutumiwa kibiashara. Droni huhitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga chini ya kanuni za 2020, na ndani ya hifadhi huhitaji pia idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Kuhifadhi picha

Amu ina historia yake ya picha. Omar Said Bakor, mpiga picha wa mjini, alisifika karne iliyopita kwa picha za studio alizoziunga kwa mkasi na gundi. Msanifu majengo Usam Ghaidan alichapisha mwaka 1975 utafiti wake juu ya mji huu, wenye michoro na picha za nyumba, ukawa miongoni mwa misingi ya uhifadhi uliofuata.

Kazi za namna hiyo hufaa kwa sababu picha zake zina maelezo. Lipu humomonyoka, boriti huoza, na mlango ukiuzwa hauonekani tena. Picha isiyo na jina la mahali wala tarehe haimsaidii fundi anayetaka kuurudishia ukuta sura yake. Kwa hiyo kila picha ya jengo huandikiwa mtaa, jina la nyumba au msikiti, tarehe, na upande uliotazamwa. Nakala hupewa mwenye nyumba, na nyingine, akiridhia, hupelekwa makumbusho ya mjini.