Jua, Udongo na Mimea Katika Nyumba ya Mtoto

Leo tutaitazama nyumba yenyewe anamokua mtoto: dirisha lake, sakafu yake, udongo ulio mlangoni na maua yaliyopandwa kwenye ua.

Ukipita kando ya Barabara ya Ngong utaona miche ya kila aina ikiuzwa. Kule Karen na Lavington wenye uwezo hujenga kwa mawe ya kuchonga na mbao, na wengine huleta makuti kutoka Pwani wakaezekea kibanda cha kupumzikia. Huko Kawangware na Kangemi, mama mwenye chumba kimoja hupanda dania ndani ya mkebe wa Kimbo na kuuweka juu ya ngazi. Wote hawa wanataka kuishi karibu na vitu vya asili, nalo ni jambo jema. Lakini neno hili "asili" limewafanya wengi waamini kwamba kitu kikitoka ardhini hakiwezi kudhuru. Asbesto, iliyoezekwa kwenye nyumba nyingi za zamani mjini, ni madini ya kuchimbwa ardhini, na vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Moshi wa kuni pia ni wa asili. Kwa hivyo, mama, usiulize tu kitu hiki kimetoka wapi. Uliza kitawekwa wapi, na mtoto atakifikia namna gani.

Tuanze na kitu cha asili kisichouzwa dukani, yaani jua.

Madaktari wa watoto hapa Nairobi hukutana na matege, ugonjwa wa mifupa kuwa laini. Jambo hili huwashangaza watu, kwa sababu mji wetu uko karibu kabisa na ikweta. Jua liko nje, mtoto yuko ndani. Mama huondoka alfajiri kwenda kazini, mtoto anabaki kwa jirani anayelea watoto wengi katika chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa ghorofa nyingine. Taa inawashwa saa sita mchana. Mtoto halii, hachafuki, na kila mtu anaona ametunzwa vizuri. Lakini mwili hutengeneza vitamini D pale ngozi inapopigwa na jua, na bila vitamini hiyo mifupa haiwezi kutumia vizuri madini ya chakula. Mtoto huchelewa kuota meno, huchelewa kutembea, utosi hukawia kufunga, vifundo vya mikono huvimba, kisha miguu hupinda. Ukiona dalili hizi usingoje "atanyooka akikua". Mpeleke kliniki, maana matege yanayogunduliwa mapema yana tiba.

Mtoe mtoto nje mara kadhaa kwa juma, mnamo saa nne hivi za asubuhi, wakati kivuli chako kimekuwa kifupi kuliko wewe mwenyewe. Mikono na miguu iwe wazi, kichwa kifunikwe, na dakika 15 hadi 30 zinatosha. Kumkalisha nyuma ya dirisha lililofungwa hakusaidii, kwani kioo huzuia ule mwali wa jua unaotengeneza vitamini D. Kwa mtoto mchanga sana muulize kwanza muuguzi wa kliniki, maana ngozi yake ni laini mno. Mtoto mwenye ualbino asianikwe juani hata kidogo, na kliniki itakueleza njia nyingine ya kumpatia vitamini hiyo. Na wewe unayelea watoto wa wenzako, hapa ndipo kazi yako inapoweza kumwokoa mtoto: tandika mkeka nje, hata kama ni kipande kidogo tu cha ua wa ploti.

Kama unahamia nyumba mpya na una nafasi ya kuchagua, angalia upande wa dirisha. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Kwa hivyo chumba chenye dirisha la kaskazini hupata joto kidogo katika ule msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, siku mawingu yanapotuhurumia. Dirisha la mashariki huleta jua la asubuhi. Mwanga na hewa inayopita vilevile hupunguza unyevu na ukungu mweusi wa kuta, ambao humsumbua mtoto mwenye pumu, tena hewa inayopita hupunguza hatari ya kuambukizana kifua kikuu.

Hewa hiyo ndiyo inayotuleta kwenye jiko. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi huuma. Watu huziba matundu ya ukuta kwa matambara na kuingiza jiko la makaa ndani, wakilala nalo. Makaa yaliyoiva hayana moshi, ndiyo maana watu huyaamini. Lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, iitwayo kaboni monoksaidi, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Jiko liwashwe nje na lizimwe nje. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango, mtoe kwenye hewa safi, na umkimbize hospitali. Wengi hukimbilia maziwa; maziwa hayaondoi sumu hiyo mwilini.

Hata bila kifo cha usiku mmoja, moshi wa kila siku una madhara yake. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa chini ya miaka mitano anayevuta moshi wa jikoni hatari yake ya kupata nimonia huwa karibu maradufu. Wazee wa Dagoretti wanaikumbuka nyumba ya duara ya kuta za udongo na paa la nyasi, mafiga matatu yakiwa katikati. Udongo ulihifadhi joto la mchana hadi usiku, na nyasi zilipitisha moshi polepole. Ilikuwa nyumba yenye akili nyingi. Hata hivyo macho ya mama mpishi yaliwasha, na kifua chake kililipa. Tuchukue ukuta wake na paa lake lililopitisha hewa, tuache moshi wake.

Wengine wameniuliza kama mimea ya chunguni ndani ya nyumba husafisha hewa. Habari hii ilivuma baada ya utafiti wa NASA wa mwaka 1989, lakini mimea ile ilipimwa ndani ya masanduku yaliyofungwa, si ndani ya chumba ambamo watu wanapika na kufungua mlango. Watafiti waliorudia hesabu mwaka 2019 walikadiria kwamba ili mimea ifanye kazi ya hewa ya kawaida ya dirishani, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Hapo hata kitanda hakingepata nafasi! Weka ua lako kwa sababu linakupendeza, na dirisha ulifungue.

Sasa tushuke kwenye udongo. Sakafu ya udongo si aibu, lakini vumbi lake ndilo kao la funza na mayai ya minyoo. Inyunyizie maji kabla ya kufagia, ishindilie na kuikandika iwe ngumu, na kuku walale nje. Mtoto avalishwe viatu na apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya kliniki.

Kwa wasio na shamba, bustani ya gunia imekuwa msaada mkubwa. Huko Kibera ilienea kuanzia mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Kifaransa la Solidarités lilipozisaidia familia kupanda mboga magunia kwa magunia. Chukua gunia lisilooza upesi na uchanganye udongo na samadi iliyooza vizuri. Tafuta mkebe mkubwa uliotobolewa chini na juu, usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto ndani yake na udongo pembeni, kisha uuvute juu kidogo kidogo hadi gunia lijae. Mwishoni mkebe unatoka, na nguzo ya kokoto inabaki katikati kupitisha maji hadi chini. Toboa matundu pembeni na upande sukuma wiki, terere au managu, na juu uweke vitunguu. Gunia moja hubeba miche 30 au zaidi. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kuanza kuonja mboga hizo zikiwa zimeiva na kupondwa laini, pamoja na vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya.

Ila kuna swali ambalo watu hulisahau: udongo huo umetoka wapi? Usichote kando ya barabara kubwa, wala nyuma ya gereji, wala mahali palipotupwa betri na mikebe ya rangi. Petroli yenye madini ya risasi iliacha kuuzwa nchini mwaka 2006, lakini risasi haiozi wala haiyeyuki. Iliyotua kando ya barabara kwa miaka mingi ingali kwenye udongo ule. Risasi huudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, naye ndiye mwenye kuweka mkono mdomoni. Rangi kuukuu inayobanduka mlangoni ina hatari hiyohiyo. Ifute kwa kitambaa chenye maji, usiikwangue ikavu ikawa vumbi. Maji ya kusuuza nguo yanaweza kumwagiliwa kwenye udongo wa gunia, si juu ya majani. Maji yaliyofuliwa nepi yasiguse mboga kabisa. Na mama mjamzito mwenye hamu ya yale mawe laini yauzwayo sokoni, aelewe kwamba huo pia ni udongo, na aghalabu hamu hiyo ni dalili ya upungufu wa damu. Mwambie muuguzi bila haya.

Tumalizie na ua. Hapa, wapenzi wasikilizaji, nawaomba mtoke nje mkatazame.

Mnyaa, ambao Wakikuyu huuita kariaria, hupandwa kuwa ua kwa kuwa mifugo hawaugusi. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huchoma na unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Oleanda, ile ya maua ya waridi na ile ya njano, ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, kuanzia jani hadi mbegu. Mti wenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, pamoja na nduguye mnanaha, humfanya mtoto apagawe, akauke mdomo na mboni za macho zipanuke. Mbarika humea wenyewe kwenye viwanja visivyojengwa, na mbegu zake zenye madoadoa mazuri huwavutia watoto wanaocheza duka. Zikitafunwa zinaweza kuua. Difenbakia, lile jani pana lenye mabaka linalopendwa maofisini mjini na sebuleni, huvimbisha ulimi na koo.

Simwambii kila mtu akate ua wake leo. Mwenye mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea, nashauri ang'oe mbarika na kuhamisha difenbakia mahali pa juu. Ua wa mnyaa au oleanda uwekewe kizuizi hadi utakapopata nafasi ya kuubadilisha. Ukiukata, vaa glavu na usichome matawi yake, maana moshi wake nao ni sumu. Badala yake unaweza kupanda kayaba, ambayo matunda yake huliwa, ingawa miiba yake haina mzaha.

Mtoto akitafuna mmea usioujua, mtoe vipande mdomoni, msukutue kwa maji, na usimlazimishe kutapika. Kata tawi la mmea huo, liwe na jani na ua au tunda, uende nalo hospitali ili daktari ajue anapambana na nini. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, mtoto akilia au asilie, kisha nenda naye.

Na mama unayeishi katikati ya mji, Ngara au River Road, ambako hata gunia halina pa kukaa? Nairobi Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti inayokua upesi, ili kuni za reli zipatikane. Leo ni msitu mdogo karibu na mji, na miti mingi ina kibao cha jina. Uhuru Park nayo ingekuwa na jengo la ghorofa 60 kama Profesa Wangari Maathai asingesimama kupinga mwaka 1989. Mpeleke mtoto mahali kama hapo Jumamosi, acheze kwenye nyasi, na msome pamoja majina ya miti.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto na namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Mwe na kalamu na karatasi karibu.