Wabeba Lawama: Si Kila Anayelaumiwa ni Mbuzi wa Kafara

Sehemu iliyopita ya mfululizo huu ilihusu maneno ya Kiingereza ya kusifu. Leo tugeukie majina anayopewa mtu aliyeangukiwa na lawama. Yanawatatiza wanafunzi, na yanawatatiza zaidi watafsiri wa habari, kwa kuwa Kiswahili cha magazeti kimezoea kuyafunika yote kwa jina moja. Kocha akifukuzwa, ni mbuzi wa kafara. Waziri akijiuzulu, ni mbuzi wa kafara. Mwanasiasa akizomewa kila apitapo, naye ni huyo huyo. Waingereza wanao majina kadhaa hapo, na kila moja lina hukumu yake ndani, kwa hiyo anayelikosea jina hupotosha habari yenyewe.

"Scapegoat" ni neno ambalo baba yake anajulikana. William Tyndale, Mwingereza aliyeihama nchi yake kwa sababu kutafsiri Biblia kwa Kiingereza bila idhini ya kanisa kulikuwa kosa, alichapisha vitabu vitano vya Musa mwaka 1530. Katika Mambo ya Walawi sura ya 16 kuna mbuzi wawili waliopigiwa kura. Mmoja ni wa Bwana, na huyo huchinjwa. Wa pili ni wa Azazeli: Haruni anamwekea mikono yote miwili kichwani, anaungama juu yake maovu ya Israeli yote, kisha mtu aliyewekwa kwa kazi hiyo anampeleka jangwani akiwa hai. Tyndale alilisoma jina Azazeli kama maneno mawili ya Kiebrania, "mbuzi aendaye zake", akaunda neno jipya la Kiingereza lenye maana ya mbuzi anayeponyoka. Biblia yetu ya Union imeliacha jina Azazeli lilivyo.

Ukiisoma sura hiyo polepole utaona kwamba aliyechinjwa ni yule wa kwanza, na aliyetwishwa dhambi hakuchinjwa, ingawa Mishna, kitabu cha mapokeo ya Kiyahudi kilichokuja baadaye sana, inasimulia kuwa alisukumwa gengeni. "Mbuzi wa kafara" letu limewachanganya wote wawili. Siombi lifutwe, maana limeshazoeleka. Ninaloomba ni litumike mahali pake. Anayeandika "scapegoat" amekwisha kutoa hukumu mbili: kwamba mtu huyu hana hatia, au hana peke yake, na kwamba wapo wengine waliopata nafuu kwa kumtwisha yeye.

Kesi ya Kapteni Alfred Dreyfus wa Ufaransa inastahili neno hilo bila ubishi. Mwaka 1894 afisa huyo Myahudi alihukumiwa kwa kuwauzia Wajerumani siri za jeshi, akapelekwa kifungoni Kisiwa cha Shetani, pwani ya Amerika ya Kusini. Miaka miwili baadaye Luteni Kanali Picquart aligundua kuwa mwandiko uliomtia hatiani ulikuwa wa Esterhazy, afisa mwingine. Wakuu wa jeshi wakamhamisha Picquart mbali, na Dreyfus wakamwacha kisiwani. Alisafishwa na mahakama mwaka 1906. Jeshi zima lilikuwa limeweka mikono juu ya kichwa cha mtu mmoja.

"Whipping boy" ni mwingine. Husimuliwa kwamba mwana wa mfalme wa Uingereza hakuweza kuguswa na mwalimu, hivyo aliwekewa mtoto mwenzake wa kuchapwa badala yake. Jina la Barnaby Fitzpatrick, rafiki wa Edward VI, hutajwa sana hapo. Wanahistoria wengi wanakitilia shaka kisa hicho, kwani ushahidi wa enzi hizo ni haba. Maana ya neno, hata hivyo, iko wazi: anapigwa huyu kwa sababu yule hafikiki. Karani wa dirishani anayetukanwa mtandao wa benki ukikatika, huku waliosaini mkataba wa mitambo wako ghorofa ya juu, ndiye huyo.

Kwa "fall guy", neno la mitaani la Wamarekani, hatuna haja ya kuazima chochote. Sisi husema ameangushiwa jumba bovu. Ndani yake yupo aliyepanga, na mtafsiri anayeandika "mbuzi wa kafara" hapo amemficha mpangaji.

Linalokosewa kuliko yote ni "lightning rod", yaani kingaradi, kile chuma cha Benjamin Franklin cha karne ya 18 kinachoipokea radi juu ya paa na kuipeleka ardhini. Mtu akiitwa hivyo, hajatangazwa kuwa hana hatia. Kinachosemwa ni kwamba lawama zote humkimbilia yeye, kwa cheo chake au kwa ulimi wake, na mara nyingi wenzake hupata kupumua. Wala "mti wenye matunda ndio upigwao mawe" haufai hapo, kwa kuwa methali hiyo inamsifu anayepigwa. Andika tu: "mtu anayevuta lawama zote."

Nafasi imekwisha kabla ya "Aunt Sally", sanamu ya mwanamke mwenye kiko iliyorushiwa fimbo kwenye maonyesho ya Uingereza. Tutaanza naye juma lijalo, kisha tuingie kwenye "pariah", neno ambalo Waingereza walilipata kwa wapiga ngoma wa Kitamili.