Feni ya umeme kwenye lori la Loliondo: akiba ni lita ngapi?

Gharama ya kusafirisha mzigo ndiyo inayopanga bei ya unga, saruji na soda katika maduka ya Soitsambu, na ndiyo inayoamua mchuuzi wa mbuzi atabakiwa na nini akishauza Arusha. Kwa sababu hiyo kila mbinu ya kupunguza dizeli hupata wasikilizaji upesi. Mojawapo inayonadiwa gereji ni kung'oa feni inayozungushwa na mkanda na kufunga feni ya umeme. Anayeinadi husema lori litakula mafuta kidogo na litapata nguvu mlimani. La kwanza lina ukweli, ila ni ukweli mdogo kuliko bei ya kazi yenyewe. La pili linaweza kumgharimu mwenye lori injini nzima.

Feni ya mkanda hufuata mzunguko wa injini, hata kama maji ya rejeta yamepoa. Na feni ina tabia moja ghali: mwendo wake ukiongezeka mara mbili, nguvu inayokula huongezeka mara nane. Katika lori la tani chache, hasara ya kilowati 2 au zaidi si ajabu injini ikikimbia. Feni ya umeme husubiri. Kipima joto kikiona maji yamepanda huiwasha, yakishuka huizima. Lori likienda kilometa 60 kwa saa kwenye lami, upepo wa mbele mara nyingi hutosha kupoza rejeta, na feni hulala.

Sasa tupige hesabu, ndugu mfanyabiashara. Lita moja ya dizeli katika injini ya lori hutoa kazi ya kilowati-saa 3.5 hivi, iliyobaki hupotea kama joto. Arusha hadi Mto wa Mbu kupitia Makuyuni ni lami ya kilometa kama 115, tuseme saa 2. Ukiokoa kilowati 2 kwa saa 2, umeokoa kilowati-saa 4, yaani lita moja na kidogo. Kwenda na kurudi ni lita 2 na ushee. Zidisha kwa bei ya dizeli ya wilaya yako katika orodha ya bei kikomo ambayo EWURA huitoa kila mwezi, kisha linganisha na bei aliyokutajia fundi. Utaona ni safari ngapi zitapita kabla fedha haijarudi.

Baada ya Mto wa Mbu mambo hubadilika. Njia ya Engaruka na Ngaresero ni vumbi, mchanga na mawe; dereva yuko gia ya pili na ya tatu na upepo wa mbele ni mdogo. Feni ya umeme hapo huwaka karibu muda wote, na umeme wake hautoki mbinguni: alteneta inauchukua kwa injini ileile, na karibu nusu ya nguvu hiyo hupotea njiani. Kisha unakuja mpando. Ziwa Natron liko kama meta 600 juu ya usawa wa bahari, nyanda za Loliondo karibu meta 2,000. Lami ya Wasso hadi Sale, kilometa 49, imepunguza taabu ya sehemu ya juu, lakini mpando wa kutoka Natron uko palepale.

Injini inayovuta saruji kwenye mpando huo huweza kumwaga kilowati 50 za joto ndani ya maji ya rejeta. Feni mbili za gari dogo, wati 200 kila moja, haziwezi kusukuma hewa ya kutosha kuliondoa. Tena katika urefu wa meta 2,000 maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo mfuniko wa rejeta uliolegea huleta msiba mapema zaidi. Gasketi ya silinda hedi ikiungua Ngaresero, akiba ya mwaka imekwisha, na kama mzigo ni mifugo iliyosimama juani, hasara haiishii kwenye lori.

Kuna mtego mwingine ambao hautajwi. Fuso na Canter nyingi kutoka Japani hutumia volti 24, wakati feni za mtumba zinazouzwa kwa wingi zilitoka kwenye magari madogo ya volti 12. Fundi mjanja huchukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Feni inazunguka, mwenye lori anafurahi, na baada ya muda betri moja haijai huku nyingine ikijazwa kupita kiasi. Zote mbili hufa, na lawama hupewa muuza betri.

Wala usidhani mkanda umeondoka. Katika malori mengi mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji na alteneta. Ukikatika, maji hayazunguki, feni iwe ya umeme au ya mbao.

Kwa haki, feni ya umeme ina faida moja kubwa kwa njia hizi: wakati wa masika unaweza kuizima unapovuka mto, mapanga yake yasipige maji na kutoboa rejeta. Kwa pikapu nyepesi inayozunguka Wasso na Soitsambu, sababu hiyo pekee inaweza kutosha.

Kwa lori la mzigo, anza na klachi ya feni. Malori mengi hutoka kiwandani na klachi yenye mafuta mazito ambayo hushika feni kukiwa na joto na kuiachia kukiwa na baridi. Ikikwama, feni huzunguka daima na kula dizeli. Ikilegea, lori huchemsha. Zima injini ikiwa ya baridi, zungusha feni kwa mkono: ikiserereka mizunguko kadhaa bila uzito, klachi imekufa. Safisha pia vumbi na mbegu za nyasi kwenye rejeta, ukipuliza kutoka upande wa injini.

Na ukipelekwa kuona lori la mtumba ambalo tayari lina feni ya umeme, uliza alteneta ni ya ampea ngapi, fuata waya wa feni hadi betri uone umefungwa wapi, kisha omba lijaribiwe na mzigo mlimani kabla ya kutoa malipo ya awali.